Kuiga mashimo meusi yanayokua: uigaji wa gesi, mti wa ukoo au modeli ya takwimu?

Shimo jeusi la katikati ya Njia Nyeupe lina uzito wa Jua mara milioni 4. La galaksi M87, lile ambalo picha yake ilitolewa mwaka 2019, lina mara bilioni 6.5. Ukitaka kujua kwa nini moja limeishia pale na jingine likafika huku, huwezi kukaa ukilitazama shimo likikua, maisha hayatoshi. Kinachobaki ni kutengeneza umati wa mashimo ndani ya kompyuta, kuyalisha tangu utoto wa ulimwengu hadi leo, kisha kuuliza kama umati huo unafanana na ulioko angani.

Hapo ndipo mwanafunzi wa uzamili hukwama. Njia zipo tatu, na kila moja ina watu wanaoapa kwayo. Nimefanya kazi na zote, mbili kwa kupenda na moja kwa kulazimika, na nitajaribu kutokuonyesha ni ipi.

Ya kwanza nitaiita uigaji wa gesi: unajaza mchemraba wa ulimwengu gesi na maada giza, galaksi zinajitengeneza humo, na mashimo yanakula gesi iliyo jirani. Ya pili ni modeli ya mti wa ukoo: unachukua historia ya halo za maada giza (mawingu ya maada isiyoonekana ambamo galaksi hukaa), nani alizaliwa lini na aliungana na nani, kisha unavipa vizazi hivyo gesi, nyota na mashimo kwa milinganyo ya mkono. Ya tatu ni modeli ya takwimu: unaanzia kwenye vipimo vya darubini na kurudi nyuma, ukitafuta historia ya ukuaji inayopatana navyo vyote kwa pamoja.

## Nitakayoyapima

Maswali ni manne. Nini umekitia wewe mwenyewe, na nini kimetoka chenyewe? Je, umati una nafasi ya kutosha hata kwa mashimo adimu? Inachukuaje tabia ya mashimo ya kuwaka na kuzima? Na gharama yake ni ipi kwa mtu mwenye laptopu na bando? Swali la kwanza ndilo ninalolipa uzito mkubwa, kwa sababu nimeona tasnifu zikivunjika hapo tu: mtu anatia chumvi, anaonja mchuzi, kisha anatangaza kwamba amegundua chumvi.

## Umetia nini, kimetoka nini

Uigaji wa gesi unavutia kwa sababu unaonekana kama ulimwengu wenyewe. TNG, EAGLE, Horizon-AGN na SIMBA ndizo zinazotajwa mara nyingi. Ndiyo, ni simba huyu huyu wa Kiswahili. Timu yake ina mizizi Edinburgh na Cape Town. Ukitazama picha za TNG50 (TNG ina masanduku matatu ya ukubwa tofauti: TNG50, TNG100 na TNG300) unaona mikono ya galaksi na mapovu ya gesi yaliyopulizwa kutoka katikati, na ni rahisi kuamini kwamba shimo nalo limo humo.

Halimo. Shimo lenye uzito wa Jua mara milioni 100 lina mpaka wa kutorudi mwanga ulio kilomita milioni 300 kutoka katikati yake, mara mbili ya umbali wa Dunia na Jua. Kwenye TNG100, undani wa gesi unakomea karibu na paseki 200 (paseki moja ni miaka ya nuru 3.26). Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni mara milioni 20 hivi, yaani punje ya ulezi kwa kilomita 30. Kilichomo ndani ya kompyuta ni chembe iliyopandwa kwa kanuni na kulishwa kwa kanuni.

Kanuni ya kupanda inatofautiana kuliko watu wanavyodhani. TNG inasubiri halo ifikishe uzito wa Jua mara bilioni 74 hivi, kisha inaiwekea mbegu ya takriban milioni 1.2. EAGLE inapanda mbegu ya laki moja na nusu. SIMBA inapanda ya elfu 15, lakini inasubiri galaksi iwe na nyota za uzito wa Jua mara bilioni 3. Mbegu kubwa na ndogo hapo zinapishana mara 80.

Kanuni ya kulisha inayotumika zaidi ni ya Bondi, ya mwaka 1952. Kasi ya kula inategemea msongamano wa gesi, joto lake na mraba wa uzito wa shimo. Huo mraba ndio wenye maneno. Shimo lenye uzito wa sehemu moja ya kumi ya jirani yake hupata sehemu moja ya mia ya chakula cha jirani huyo, hata wakikaa kwenye gesi ile ile. Mdogo anabaki mdogo muda mrefu, halafu akishavuka kizingiti anafumuka ghafla. SIMBA inatumia Bondi kwa gesi ya moto tu. Kwa gesi baridi inahesabu jinsi diski ya galaksi inavyopoteza mzunguko na kumwaga gesi ndani, na hapo uzito wa shimo karibu hauna kauli, kwa hiyo mdogo naye anapata sahani. Ukuaji wa awali unaoupata unategemea sana ni ipi kati ya kanuni hizi ilitumika.

Kisha kuna urekebishaji. Nguvu ambayo shimo linarudisha kwenye gesi haijulikani kutoka chini kwenda juu, hivyo watengenezaji huchezesha parameta mpaka galaksi za leo zifanane na za kweli, na uhusiano wa uzito wa shimo na wa galaksi yake ukae mahali pake. Mwaka 2021 Mélanie Habouzit na wenzake waliziweka TNG, EAGLE, Horizon-AGN, SIMBA na Illustris ya zamani (mtangulizi wa TNG) kwenye meza moja. Zote zinatoa uhusiano wa shimo na galaksi unaokaribiana na vipimo vya leo, lakini umbo la uhusiano huo, mtawanyiko wake na jinsi ulivyobadilika tangu zamani vinatofautiana waziwazi kutoka moja hadi nyingine. Mimi naisoma hivi: uhusiano wa leo ni chumvi, mabadiliko ya zamani ndiyo mchuzi.

Modeli ya mti wa ukoo haijifichi. Kila ulichotia kimeandikwa kwenye mstari wa programu. Mfano wa karibu: modeli ya Croton na wenzake ya mwaka 2006, ikifuata wazo la Kauffmann na Haehnelt la mwaka 2000, inasema galaksi mbili zikiungana, shimo linapata hadi asilimia 3 ya gesi baridi iliyopo. Kiasi hicho kinazidishwa kwa uwiano wa uzito wa galaksi hizo mbili, na kinapunguzwa kama halo ni ndogo, kwa kizingiti cha kasi ya kilomita 280 kwa sekunde. Basi. Mstari mmoja. Asilimia 3 ilichaguliwa ili jibu la leo litoke sawa, na hakuna anayekudanganya kuhusu hilo. Ukitaka mbegu nyepesi badala ya nzito, au ulaji unaovuka kikomo cha Eddington (kasi ya kula ambayo ikizidi, mwanga wa gesi inayoliwa huisukuma nje), unabadilisha mstari na kuanza upya. Unachokosa ni ramani. Galaksi humo ni safu ya namba: gesi baridi kiasi fulani, nyota kiasi fulani. Ukiuliza gesi iliingia kwa upande gani, jibu halipo.

Modeli ya takwimu inafanya kinyume na mbili za kwanza. Msingi wake ni hoja ya Andrzej Sołtan ya mwaka 1982: jumlisha mwanga wote wa kwasa (mashimo makubwa yanayong'aa yakila gesi) uliowahi kutoka, gawanya kwa ufanisi wa kugeuza gesi kuwa mwanga, nawe una uzito wa mashimo yote yaliyopo leo. Ukichukua ufanisi wa asilimia 10, hesabu inakaribiana na mashimo tunayoyapima majirani, kiasi cha uzito wa Jua laki kadhaa kwa kila megapaseki ya ujazo, yaani mchemraba wenye upande wa paseki milioni moja. TRINITY, iliyochapishwa 2023, imeipeleka hoja hiyo mbali: inafunga halo, galaksi na shimo kwa pamoja, na kutafuta historia zinazokubaliana na hesabu za kwasa, uzito wa mashimo ya leo na vipimo vya galaksi, kurudi hadi miaka nusu bilioni hivi baada ya mlipuko mkuu. Kinachotoka ni wastani pamoja na mipaka ya mashaka, jambo ambalo njia mbili za kwanza hulitoa kwa shida. Ila haitakwambia *kwa nini*. Kama galaksi zilizima kwa sababu ya mashimo, au mashimo yalikosa chakula kwa sababu galaksi zilizima, hesabu inatoka ile ile.

## Nafasi ya walio adimu

Kwasa angavu kabisa za miaka bilioni ya kwanza zipo kama moja kwa kila gigapaseki ya ujazo, mchemraba wenye upande wa paseki bilioni moja. TNG300, iliyo kubwa kuliko ndugu zake, ina upande wa megapaseki 300 hivi. Ungehitaji masanduku kama hilo 37 ili utegemee kupata moja. FLAMINGO, uigaji mwingine wa gesi wa mwaka 2023, ina sanduku la gigapaseki 2.8, lakini humo kila chembe ya gesi ina uzito wa Jua mara bilioni moja, mzito kuliko mashimo mengi unayotaka kuyachunguza. Sanduku likipanuka, undani unapungua.

Mti wa ukoo unapumua vizuri zaidi. Uigaji wa Millennium wa mwaka 2005 ulikuwa na chembe bilioni 10 za maada giza kwenye sanduku la megapaseki 700 hivi, na modeli zilizopandwa juu yake zilitoa galaksi kama milioni 20. Kikomo kinakuja upande wa chini: halo zilizo ndogo kuliko uwezo wa mti hazimo, na hizo ndizo zilizobeba mbegu za mwanzo. Modeli ya takwimu haina sanduku kabisa, au tuseme sanduku lake ni kubwa kama katalogi ya darubini iliyoilisha.

Suala la mbegu linastahili hesabu ya kwenye bahasha. Kwasa J0313–1806 ina shimo la uzito wa Jua mara bilioni 1.6, na tunaliona likiwa kwenye ulimwengu wenye umri wa miaka milioni 670. Shimo linalokula kwa kikomo cha Eddington bila kupumzika hujizidisha mara mbili kila miaka milioni 35 hivi. Kutoka kwenye mabaki ya nyota yenye uzito wa Jua mara 100 hadi bilioni 1.6 ni kujizidisha mara 24, yaani miaka milioni 840. Muda hautoshi, hata kama lingeanza kula siku ya kwanza. Ama mbegu ilikuwa nzito, ama kikomo kilivukwa, ama ufanisi ulikuwa mdogo. Sasa rudi kwenye mbegu ya TNG ya milioni 1.2 na ujiulize inaweza kukusaidia nini kwenye mjadala huu. Haikutengenezwa kwa ajili yake. Mti wa ukoo wenye undani mzuri, ambao unaweza kuujaribu kwa aina tatu za mbegu kwa siku moja, unafaa zaidi hapa.

## Kuwaka na kuzima

Shimo halili kwa utaratibu wa milo mitatu kwa siku. Linaweza kung'aa, kunyamaza na kung'aa tena huku galaksi yake ikiendelea kuzaa nyota kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 2014 Ryan Hickox na wenzake walionyesha kwamba hata kama ukuaji wa shimo, ukipimwa kwa wastani wa miaka milioni 100, unakwenda sambamba na uzaaji wa nyota, mpapatiko huu wa muda mfupi unatosha kuufuta uhusiano huo machoni pa mwenye darubini.

Kwa mpapatiko, modeli ya takwimu imekaa vizuri, maana mgawanyo wa kasi za ulaji ndio kiini chake. Mti wa ukoo unajua kiasi cha gesi kilicholiwa kwenye tukio zima. Umbo la mwako, ulipanda vipi na ulififia vipi, unalibandika baadaye. Uigaji wa gesi unatoa kasi ya ulaji ya papo hapo, na watu huichukua kama ilivyo. Mimi siichukui. Gesi inayopimwa kwa hatua za paseki 200 haiwezi kujua mtikisiko wa diski iliyo karibu na shimo, kwa hiyo kasi hiyo inakuwa tulivu kuliko ya kweli.

Gesi na vumbi vinavyoficha mashimo mengi yasionekane kwa eksirei au kwa macho, njia zote tatu unaviongeza kwa mkono. Hakuna mshindi hapo.

## Gharama

TNG50 ilikula saa milioni 130 za kichakataji kwenye kompyuta kuu ya Stuttgart, ikitumia vichakataji zaidi ya 16,000 kwa wakati mmoja. Hutaiendesha wewe. Utatumia data zilizotolewa bure, na hapo ndipo bei yako ilipo: jumla yake ni kama petabaiti moja.

Nilipoanza nilipakua faili za gesi nzima kwa intaneti ya bweni, usiku, kwa sababu mchana ilikuwa haiendi. Wiki tatu. Nilichohitaji kilikuwa kwenye katalogi ya galaksi, na siku hizi unaweza hata kufanya hesabu huko huko kwenye seva yao kupitia kivinjari. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Uzito kwenye katalogi umeandikwa kwa namba inayopaswa kugawanywa kwa 0.6774, nikasahau, na mashimo yangu yote yakatoka mepesi kwa karibu theluthi moja. Nilitumia mwezi mzima nikitafuta sababu ya kifizikia. Na la tatu, ambalo wengi hawalijui mpaka leo: safu ya uzito wa shimo jeusi katika katalogi hiyo ni *jumla* ya mashimo yote ya galaksi husika. Galaksi iliyotoka kumeza jirani ina mawili au matatu. Ukitaka shimo la katikati, nenda kwenye chembe zenyewe.

Modeli za mti wa ukoo kama SAGE, L-Galaxies, Galacticus na SHARK programu zake ziko wazi. Kipande kidogo cha miti ya Millennium kinaendeshwa kwenye laptopu wakati chai inachemka, hivyo unaweza kukosea mara hamsini kwa siku na kujifunza kila mara. Gharama yake ni kusoma: kuna parameta nyingi, na kuelewa kila moja imetoka wapi kunachukua miezi. Modeli ya takwimu ya kawaida, mlinganyo mmoja wa mwendelezo (unaofuata idadi ya mashimo ya kila uzito jinsi inavyobadilika kwa wakati) na hesabu za kwasa zilizochapishwa, unaiandika mwenyewe kwa Python ndani ya muhula. Ile ya aina ya TRINITY, yenye kutafuta parameta kwa mamilioni ya majaribio, inadai klasta ya kompyuta.

## Kwa hali yako

Kama swali lako ni jinsi shimo linavyozima galaksi, linavyopuliza gesi au kuzuia nyota zisizaliwe, chukua uigaji wa gesi, tena chukua angalau mbili zenye kanuni tofauti, TNG na SIMBA kwa mfano. Kitu kinachoonekana kwenye moja tu kinakwambia habari za programu hiyo kuliko za mbingu.

Kama unafuata mbegu na kwasa za mwanzo, na matokeo ya darubini ya James Webb yamekutia wazimu kama wengine wetu, mti wa ukoo. Hakikisha tu mti wenyewe unafika kwenye halo ndogo. Miti ya Millennium haifiki.

Kama umepewa muda wa uchunguzi, au unataka kukadiria darubini fulani itaona mashimo mangapi ya mng'aro gani, modeli ya takwimu inakutosha na pengine inazidi. Usiitumie kudai chanzo cha jambo.

Kama una mwaka mmoja, laptopu, na msimamizi aliye mbali, sipendekezi kuanza na faili za uigaji wa gesi. Mlinganyo wa mwendelezo kwanza, kisha SAGE juu ya sanduku dogo. Ukishaona mwenyewe asilimia 3 ile ikihamisha grafu nzima, katalogi za TNG utazisoma kwa jicho lingine.

Wapo wanaochanganya, na mimi ni mmoja wao: chukua galaksi za TNG na historia zao za kuzaa nyota, tupa kasi ya ulaji iliyoandikwa, kisha ipake upya kwa mgawanyo wa takwimu. Unabaki na ramani ya galaksi na unapata mpapatiko wa kweli. Ila ukishafanya hivyo, usiripoti tena uhusiano wa kasi ya ulaji na gesi iliyo jirani, kwa sababu umeukata mwenyewe.

Na kama lengo ni miungano ya mashimo, kwa ajili ya LISA, kituo cha angani cha kunasa mawimbi ya mvutano, ambayo Shirika la Anga za Juu la Ulaya liliipitisha Januari 2024, angalia kwanza jinsi mashimo yanavyosogezwa. TNG na EAGLE zinayavuta mashimo hadi katikati ya galaksi kwa nguvu, kwa hiyo mawili yakikaribiana yanaungana mapema kupita kiasi. ASTRID na ROMULUS, uigaji mwingine wa gesi, zinajaribu kuyaacha yazame yenyewe, polepole, na baadhi yake hayafiki kabisa. Na kwa vyovyote vile, ukichora grafu ya uzito kutoka TNG utaona mlundikano wa mashimo pale pale kwenye milioni 1.2. Hiyo ni mbegu ambayo bado haijaonja kitu. Ikate kabla hujaanza kuhesabu.